Mihogo ya Mstari wa Saba

Katubuka, Kigoma
Jumapili, 7 Aprili 2019

Kwa kaka yangu, Faustini Bucumi,

Shikamoo kaka. Amahoro kwako na kwa wote mnaolala chini ya paa moja. Natumaini karatasi hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, na kile kifua kilichokusumbua tangu Desemba kimekuachia. Mama je? Uvimbe wa mguu umepungua, au bado anauburuza akienda bombani? Mwambie dawa ya kuchua niliyompelekea asiigusishe penye kidonda, apake kwenye goti tu. Mimi mwili ni mzima. Mvua huku haijakatika wiki ya pili sasa, maji yamejaa bondeni, na watu wa mtaa wangu wanakwenda dukani wameshika viatu mkononi.

Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa Martini, yule dereva wa lori la mchele. Nimeisoma mara nne. Umeniandikia kwamba umepata mchumba anayeitwa Eufrasia, kwamba wazazi wake wamekubali, kwamba ndoa ni Jumapili inayofuata Pasaka, na kwamba mimi, kwa kuwa Baba hayupo na shangazi zetu wote walibaki Burundi, ndiye nitakayesimama upande wetu na kusema maneno ya ukoo. Hiyo ni heshima. Ungeishia hapo, leo ningekuwa kwa fundi napimwa nguo.

Lakini uliongeza mistari miwili mwishoni. Uliandika kwamba wazazi wa Eufrasia walikuuliza kwa nini ndoa ya kwanza ilivunjika, nawe ukawajibu kwamba Rahabu alikuwa mwizi, aliiba mbegu za mumewe akampelekea ndugu yake, na kwamba shahidi ni dada yako msomi. Ukaniomba nikija niwarudie maneno hayohayo ili roho zao zitulie.

Hayo ndiyo yaliyonikalisha na kalamu. Ningekupigia simu, lakini simu ya kambini husikilizwa na nyumba sita, na wewe ukiudhika unakata. Karatasi hata ukiitupa, utarudi kuiokota. Niruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu mengine unayajua na mengine unadhani unayajua.

Mwaka ule wa 2015, tulipokimbia Burundi, meli ikatutoa Kagunga na mabasi yakatufikisha kwenye kambi ya wakimbizi, mimi nilikaa miezi minane tu. Cheti changu cha kilimo nilikuwa nimekishonea ndani ya pindo la sketi. Niliposikia kwamba huko chini, njia ya Ilagala, kuna kituo cha majaribio ya mihogo kinachotafuta watu wanaojua kupima mimea, nilitoka bila kibali. Kirundi chetu na Kiha ni mtu na ndugu yake, basi nikajipa jina jingine, nikajiita Muha wa Kasulu, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Mkuu wa shamba, Dakta Leodgar, hakudanganyika hata wiki moja. Aliniita pembeni akaniambia kwamba yeye masikio yake yalizaliwa Kasulu, na kwamba hana haja ya kujua mama yangu alinizalia upande gani wa mpaka, mradi vipimo vyangu viwe vya kweli. Vipimo vya kweli. Neno hilo sasa linanikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka.

Kazi yenyewe nilikueleza kijuujuu, nawe ukacheka ukasema tunawafundisha mihogo tabia. Hukuwa mbali na ukweli. Dakta Leodgar alitueleza kwamba ndani ya kila mmea kuna vitu vinavyoitwa homoni, vichache mno, kama chumvi kwenye sufuria kubwa, lakini ndivyo vinavyotoa amri. Ipo homoni inayoliambia shina lirefuke, ipo inayoliambia jani lisizeeke, na ipo inayouambia mzizi uache kutambaa ukae unenepe. Wataalamu wa maabara, mbali na huku, walikuwa wamebadilisha vinasaba vya muhogo ili homoni hii ipande na ile ishuke, kila aina kwa kiasi chake. Sisi tuliletewa aina kumi na mbili, tukazipanda mistari kumi na miwili, ili tuone muhogo utaitikia vipi amri mpya. Tulipima urefu wa mashina, tukahesabu majani, tukaandika jani la kwanza limegeuka njano siku gani.

Shamba lilizungushiwa waya mara mbili. Tukitoka tulisugua udongo wote kwenye viatu. Hakuna kipande kilichoruhusiwa kuvuka geti, wala kutiwa mdomoni, kwa kuwa mihogo ile ilikuwa bado haijathibitishwa. Sheria hiyo niliiona ya maana mpaka Oktoba 2017, tulipovuna mara ya kwanza.

Kaka, mstari wa nne ulitufanya watu wazima tupige kelele kama watoto. Shina la kwanza tulilivuta watu wawili. Mihogo ilitoka minene kama paja la mtoto, minane, tisa, kwenye shina moja. Tuliipima, tukaandika, kisha tukashika mapanga tukaikatakata na kuitia shimoni, ikachomwa, ikafukiwa. Mwezi uleule mgao wenu wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena, na Mama alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba sasa mnapika mara moja kwa siku. Nilisimama na panga nikazika chakula kama mtu anayezika mzoga. Dakta Leodgar, ambaye naye ni mtoto wa mkulima, alitugeuzia mgongo mpaka tulipomaliza kufukia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Nilikusimulia. Nilitaka mtu wa kunisaidia kuubeba ule uchungu, na wewe ukaugeuza kuwa deni. Uliniuliza inakuwaje nafukia chakula na mama yangu anachambua maharage yaliyotobolewa na wadudu. Nikakueleza aliyosema Dakta, kwamba msimu mmoja si ushahidi, kwamba mimea ile inabidi ijaribiwe misimu mitatu kwenye udongo tofauti. Ukajibu kwamba wenye kushiba wana muda wa kusubiri misimu mitatu. Mwezi mzima hukupokea simu yangu. Salamu zako zilikuja kwa mdomo wa Rahabu, naye alizisema kwa aibu: kwamba kama bado nina mama, ninajua cha kuleta.

Novemba nikakuletea magunia mawili ya mashina. Nilitandaza dagaa juu yake, na kwenye kizuizi cha barabarani askari alisikia harufu akanipungia mkono nipite. Mama alipiga vigelegele kwa sauti ya chini ili majirani wasiulize. Wewe ulishika shina moja ukaligeuzageuza kama unavyoshika kitoto kichanga, ukaniita *musaza*, yaani kaka, badala ya dada, ukachanganya maneno kwa furaha mpaka Rahabu akacheka. Tangu tutoke nyumbani sikuwahi kukuona hivyo.

Mzee Yakobo, yule Muha mwenye shamba ng'ambo ya kijito, alikuwa amekupa kipande cha kulima, ingawa kanuni za kambi haziruhusu. Kipande kile kilikuwa na mihogo yenu ya zamani, ile midogo lakini isiyowahi kuwanyima. Uliing'oa yote kupisha mbegu mpya. Mashina yake ukagawa kwa watu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, kaka. Nilikuona ukiing'oa.

Kesho yake walinzi walikukamata nje ya mpaka wa kambi wakakuweka ndani siku mbili. Mashina yangekauka, kwa hiyo Rahabu alikwenda peke yake, mtoto wenu Ella mgongoni, akakata pingili, akapanda kipande chote mpaka jua likazama angali ameinama. Siku hizo mbili ndizo zilizokuja kumgharimu.

Mihogo ikaota. Wewe mwenyewe ulinipigia kunieleza. Ilipita magoti, ikapita kiuno, ikakupita kichwa. Agosti, wakati mihogo ya watu wote ilipopukutisha majani, yenu ilikuwa imesimama kijani kibichi kama imenyeshewa jana. Majirani walikuja kuomba sombe, kile kisamvu, Rahabu akawachumia bila kubagua, na watu wakaanza kukuita Bwana Shamba. Ulisema ukivuna, mbegu utagawa kambi nzima, kila nyumba mashina kumi.

Oktoba ukachimba. Shina la kwanza, hakuna kitu. La pili, mizizi myembamba kama kamba. Ukachimba mpaka mwisho wa kipande, ukarudi nyumbani na kikapu ambacho hakikujaa. Nyumba haikuwa na muhogo wa zamani wala mpya.

Hapo ndipo ulipoanza kutafuta mtu. Ukakumbuka zile siku mbili ulizokuwa ndani. Ukakumbuka kwamba Agape, ndugu yake Rahabu, ana bustani nyuma ya nyumba yake na mwaka ule alipata mihogo mizuri. Ukasema Rahabu alimpelekea Agape mbegu zangu, akakupandia wewe takataka za kuokota. Rahabu alikana. Agape alikuruhusu ukachimbe kwake uone kwamba ni ile mihogo ya kawaida ya sokoni. Hukwenda. Uliita wazee.

Nilipigiwa simu nije kutoa ushahidi, nikaja. Tulikaa kwenye lile banda la turubai la kanisa, bashingantahe, wale wazee wa baraza, watatu mbele, Mzee Jean Habonimana katikati yao, na watu kama arobaini kwenye mabenchi. Rahabu alikaa chini, Ella amemlalia mapajani. Yeye alisema maneno machache: kwamba alipanda alichopewa, chote, mpaka pingili ya mwisho.

Kisha Mama akaomba kusema. Alikuwa amekuja na shina mkononi. Akawaambia wazee kwamba amelima muhogo tangu hajaota matiti, na kwamba shina lenye macho yaliyobanana namna ile na rangi ile hajaliona popote, si Burundi wala huku. "Hiki si cha kuokota," alisema. "Hiki ndicho Yusta alichokileta. Kama kina kosa, kosa limekuja nacho."

Mzee Jean akanigeukia. Akaniita binti yangu, akasema mimi ndiye niliyesomea mambo hayo, kwa hiyo baraza litashika neno langu. Akauliza: "Mbegu ulizompa kaka yako zilikuwa nzuri au mbaya?"

Nikajibu: "Zilikuwa nzuri. Kilichopandwa shambani, mimi sikijui."

Rahabu aliinua macho akaniangalia. Hakupiga kelele. Alisema, "Wifi, sema tena."

Nikasema tena.

Mama alilaza lile shina chini, akatoka. Wazee wakakupa haki yako. Wewe ukatamka mbele ya watu kwamba hutaki mwizi nyumbani mwako, na kwamba mtoto amfuate mama yake. Baada ya wiki tatu Rahabu alijiandikisha kurudi Burundi, akapanda basi la msafara na Ella na ndoo moja ya nguo.

Sasa nifike ninapokwenda, maana nimezunguka vya kutosha.

Mashina yaliyokuwa ndani ya magunia yale hayakuwa ya mstari wa nne. Yalikuwa ya mstari wa saba. Katika mstari ule homoni ya majani ilikuwa imepandishwa kupita kiasi, na mmea ukatii: jani halikuzeeka, shina halikuacha kurefuka, chakula chote kikabaki juu, mzizi haukupata kitu. Tulipouchimba ile Oktoba ya kwanza tulikuta kamba tupu. Dakta Leodgar aliutazama akasema huo umejifunza kuvaa tu, akaniambia niandike kwamba haufai. Mimi ndiye niliyeandika, Faustini. Kwa mkono huu.

Mashina ya mstari wa nne yalihesabiwa moja moja, yakafungwa vitambulisho, yakatiwa stoo chini ya kufuli. Likikosekana moja wangejua, na mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa yule ambaye jina lake si jina lake. Ningefukuzwa, ningerudishwa kambini, pengine ningefungwa. Mashina ya mstari wa saba yalikuwa yamelundikwa nyuma ya shimo yakingojea moto. Hayakuwa na hesabu. Nikachukua yasiyo na hesabu.

Usije ukawaambia watu kwamba Yusta alichanganya magunia. Sikuchanganya. Nilijua wakati nayafunga, nilijua wakati natandaza dagaa, na nilijua nilipokuwa nimesimama pembeni nikikutazama unang'oa mihogo iliyokuwa inawalisha. Neno lilinifika mdomoni mara mbili siku ile. Mara ya kwanza ulikuwa unaimba. Mara ya pili ulinitazama kwa fahari, nikalimeza.

Nilijiambia udongo wa huko ni mwingine na huenda mmea ungefanya vingine. Nilijiambia angalau mtakula sombe. Hayo ni maneno ya mtu anayejipaka mafuta kwenye jipu. Kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuitwa mtu asiye na mama. Nilitaka unyamaze, na nilitaka nibaki na kazi yangu, nikapata njia ya kupata vyote viwili kwa magunia mawili ya kuni.

Na lipo jingine ambalo hulijui, na ndilo linaloninyima kula. Julai ya mwaka ule, miezi mitatu kabla hujachimba, Rahabu alinipigia simu. Alikuwa amefukua mashina mawili kwa siri kuangalia. Aliniambia mizizi ni kama kamba ya kufungia mbuzi, akauliza akwambie utafute mbegu nyingine mapema kabla ya mvua za vuli. Nikamwambia asikutie wasiwasi, kwamba aina ile huchelewa kunenepa, asubiri. Akasema, "Haya wifi, wewe ndiye unayejua." Akafukia mashina yake akaendelea kupalilia majani.

Umeelewa sasa kwa nini aliniambia niseme tena? Angeweza kusimama mbele ya wazee akasema nilimjibu nini Julai. Hakusema. Alinipa nafasi ya kulisema mwenyewe, mbele ya watu, bila kunivua nguo. Nami nikaitumia nafasi ile kumzika mara ya pili.

Siku moja kabla ya msafara alinipigia tena. Hakulia. Alisema haombi kurudishwa kwa mume, ila anaomba Ella akikua asiambiwe kwamba mama yake alikuwa mwizi. Nilimwambia mtandao unasumbua, nikazima simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Kazi niliyoilinda kwa gharama hiyo iliisha miezi mitatu baadaye. Januari mradi ulifungwa, mihogo yote ikang'olewa, hata ile ya mstari wa nne ambayo ilikuwa bado inasubiri misimu yake. Dakta Leodgar alitukabidhi barua zetu, akanipa mkono, akaniambia kwamba katika miaka yote ya kazi yake hajapata msaidizi mwenye daftari safi kama langu. Nikamshukuru. Siku hizi naosha na kuanika dagaa kwa mama mmoja hapa mjini, aitwaye Regina, na sijapata kulala vizuri hata hapo.

Nimekwisha kusema langu. Sasa niseme lako, na usinikatize. Uongo ni wangu, lakini usijifiche nyuma yake. Mama alikuambia ukweli, ameushika mkononi, ukamwona ni kizee asiye na shule. Agape alikufungulia bustani yake, hukuinua hata jembe. Ulikuwa na miaka sita ya kuishi na Rahabu, na sentensi mbili za kwangu. Uliishi naye akikupikia hata kisichokuwepo, akimwogesha Mama, akikupandia shamba ukiwa ndani. Ukachagua sentensi mbili. Mimi nilikupa kisu kaka, lakini mkono uliochoma ulikuwa wako. Na ninapoona umeanza kuutumia uongo wangu kama barua ya utambulisho ukweni, natambua kwamba wewe nawe ulikuwa unauhitaji. Shamba lisilozaa linauma. Mke wa kulaumiwa anapunguza maumivu.

Februari nilimwandikia Rahabu. Barua niliituma kwa mfanyabiashara wa mawese anayekwenda na boti Nyanza-Lac, kwa kuwa nilisikia yuko huko kwa mjomba wake. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikamwomba msamaha, nikajaza kurasa tatu. Jibu limenifikia juzi, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa mke wa mchungaji, maana unajua Rahabu hakusoma. Amesema yeye na Ella wapo hai. Ardhi ya baba yake waliikuta ina wenyewe wengine, kwa hiyo anapalilia michikichi ya watu. Kisha akasema haya, nayaandika kama yalivyo:

"Barua yako nimesomewa. Sasa wamesikia watu wawili, mimi na huyu aliyenisomea. Waliosikia kwamba mimi ni mwizi walikuwa arobaini. Wasikie wale."

Juu ya msamaha hakutaja neno. Juu yako vilevile hakutaja neno.

Kwa hiyo, kaka, Jumapili ijayo, ya Matawi, nitakuja kambini. Ibada ikiisha nitamwomba Mzee Jean awaketishe watu mlemle kwenye banda, nami nitasimama niseme niliyoyaandika hapa, kwa sauti, bila kufupisha. Nitamwomba Agape msamaha palepale. Nakujua, najua utatamani niseme kwako peke yako, tulimalize kiukoo, harusi ipite kwanza. Ndiyo maana nakala ya barua hii Martini ameibeba pamoja na hii yako, na amekula kiapo kuikabidhi mkononi mwa Mzee Jean kabla hajakukabidhi wewe. Unaposoma hapa, yeye ameshasoma.

Ukitaka kunipiga, nipige baada ya kusema. Ukitaka kunikana, nikane, nitakuwa nimestahili. Wakinikamata kwa kutoka na kuingia bila kibali, wanikamate. Maneno ya ukoo ukweni mtafutie mtu mwingine wa kuyasema, maana mimi sina mdomo wa kumwozeshea mtu tena.

Naomba unipelekee salamu kwa Mama, umshike miguu kwa niaba yangu, umwambie binti yake anakuja na hana zawadi. Wasalimie majirani wote wa mstari wenu, na Mzee Yakobo ng'ambo ya kijito. Na Eufrasia, ambaye sijamwona, msalimie kwa heshima. Kabla hajaingia nyumbani mwako mketishe na wazazi wake, uwasomee karatasi hizi zote, kuanzia juu, wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Kama huwezi kuzisoma mbele yake, basi usimwoe.

Mungu akulinde, na anilinde mimi mpaka Jumapili.

Ni mimi dada yako,
Yusta Nkeshimana